Kuongeza dozi hakutaua virusi vya mafua

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka sita ana mafua, leo siku ya nne. Nilimpa amoksilini iliyobaki dada yake alipougua, lakini makamasi yamegeuka kijani. Je, virusi vimezaliana hadi vikaizidi dawa? Niongeze dozi au nitafute iliyo kali zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze, na hiyo ya masalio mwachishe. Dawa haijazidiwa, haikuwa na pa kushika tangu mwanzo.

Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Bakteria akikua bila ukuta imara, hupasuka na kufa. Kirusi hakina ukuta huo kwa sababu si seli. Ni maagizo ya kijenetiki tu, ya DNA au RNA, ndani ya ganda la protini. Baadhi huwa na utando wa mafuta kwa juu. Hakili, hakikui, wala hakigawanyiki kama bakteria.

Chukua virusi vya raino, vinavyoongoza kwa kuleta mafua ya kawaida na vyenye aina zaidi ya 100. Kirusi hujibandika kwenye seli ya pua na kuingiza RNA yake. Ribosomu za mwanao, zilezile zinazomtengenezea protini zake, huisoma RNA hiyo bila kubagua. Matokeo yake ni vimeng'enya vya kunakili RNA zaidi na vipande vya maganda mapya, ambavyo hujipanga vyenyewe. Baada ya saa kadhaa seli inakufa, na virusi vipya vinahamia seli jirani. Sasa niambie, hapo amoksilini ingevunja ukuta gani?

Na hayo makamasi ya kijani! Kila wiki naletewa mtoto aliyemeza vidonge kwa sababu ya rangi. Ukijani huo unatoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizokwenda puani kupambana. Rangi peke yake haithibitishi kuwa kuna bakteria. Mpe vinywaji vya kutosha na apumzike. Mafua mengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Akipumua kwa shida, sikio likiuma, homa ikigoma kushuka au akipata nafuu kisha akazidiwa tena, mpeleke akapimwe.

Shida ni kwamba mtu humeza antibiotiki siku ya nne, siku ya saba akapona, sifa zote zikaenda kwenye kidonge. Wakati huohuo kidonge kimeua bakteria wasio na hatia tumboni na kuwaachia nafasi wale sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu hufundisha vijidudu kuistahimili dawa. Masalio ya dada mtu ndiyo dozi pungufu yenyewe.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa chupa za "kusafisha virusi vyote mwilini". Dawa za kweli za virusi hulenga hatua mahususi: asiklovia huvuruga unakili wa DNA ya virusi vya hepesi, wala haina faida kwa mafua. Tena kuna virusi vinavyojificha. Vya tetekuwanga hubaki kwenye neva kwa miaka, kisha huibuka kama mkanda wa jeshi. VVU huchomeka nakala yake ndani ya DNA ya seli za kinga; ARV huzuia kisizaliane, lakini nakala hiyo inabaki palepale. Ndiyo maana kipimo kinachosema virusi "havionekani" hakimaanishi vimeondoka. Mtu akishawishiwa na muuza chupa akaacha ARV, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na yule muuzaji hapokei tena simu.