Maswali Yenu: Kurasa za Wateja, Idhini Zinazochelewa na Facebook Iliyofungwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaosimamia kurasa za mitandao ya kijamii za wateja hapa Uganda kwa kujitegemea: mtu mmoja, simu moja, wateja wanne au watano. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Nina wateja watano: hoteli, saluni mbili, duka la vifaa vya ujenzi na kampuni ya kupeleka watalii mtoni. Wote hunitumia picha na maelekezo kwa WhatsApp, mengine kwa sauti, mengine usiku wa manane. Nachanganya mambo. Ninunue programu gani? (Jinja)

Usinunue kitu kwanza, dada. Programu ya kupanga machapisho hufanya kazi moja tu: inatoa chapisho lililo tayari kwa saa uliyoitaja. Tabu yako iko kabla ya hapo, kwenye kupata maelekezo yanayoeleweka na idhini iliyoandikwa. Huko utatengeneza utaratibu wewe mwenyewe.

Fungua faili moja la Google Sheets kwa kila mteja. Safu nane zinatosha: tarehe, saa, mtandao, kapsheni kamili (maneno ya chapisho), linki ya picha au video, hali, jina la aliyeidhinisha, na linki ya chapisho likishatoka. Kwenye safu ya hali weka orodha ya kuchagua yenye maneno manne: rasimu, kwa mteja, imeidhinishwa, imetoka. Ukiacha kila mtu aandike lake, utakuta "sawa", "poa" na "OK", na ukichuja hupati kitu.

Saa ziandike kwa mtindo wa 24: 08:00, 20:00. Mteja akisema "itoke saa mbili", muulize ni asubuhi au usiku. Ukiingiza 2:00 kama ilivyo, chapisho la chakula cha jioni litatoka saa nane usiku. Hakikisha pia kila programu imewekwa saa za Kampala, yaani UTC+3. Baadhi hukisia saa kutokana na mahali intaneti inapoonekana kutokea, na ukiwa umewasha VPN (programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine) zinakuweka Ulaya.

Picha ziwe Google Drive. GB 15 ni za bure, ila hesabu hiyo inajumuisha na Gmail yako. Kila mteja awe na folda yake, na ndani yake tatu: ghafi, zilizotengenezwa, zilizotoka. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku: 2026-03-14_hoteli_instagram_menyu_v2. Hapo faili hujipanga zenyewe. Ukianza kuandika "mwisho" na "mwisho kabisa" umekwisha.

Halafu wiki. Jumatatu unakusanya picha na maelekezo, Jumanne unaandika na kutengeneza. Jumatano asubuhi mteja anapata machapisho ya wiki nzima inayofuata kwa linki moja, na mwisho wa kujibu ni Alhamisi saa kumi jioni. Ijumaa unayapanga yatoke. Mkataba useme marekebisho ni raundi mbili, na pasipo jibu chapisho halitoki. Wapo wanaoandika kwamba kimya ni ridhaa. Sisi hatukubaliani nao, hasa chapisho linapotaja bei au kuonyesha sura ya mtu. Dai pia jina la mwidhinishaji mmoja. Bosi, mkewe na mhasibu wakitoa maoni kila mmoja kwa wakati wake, raundi mbili zinakuwa saba, na hakuna anayekulipa tano za ziada.

Kuhusu ujumbe wa sauti: sikiliza, kisha mwandikie ulivyoelewa. "Nimeelewa hivi: Ijumaa, samaki wa kuchoma, shilingi 35,000 kwa sahani. Ni sawa?" Jibu lake la maandishi ndiyo idhini, nawe linakili kwenye faili. Mwezi ujao akibisha, neno "samaki" utalitafuta na kulipata; ndani ya sauti huwezi.

Baada ya wiki tatu nne za kufanya hivyo ndipo programu inakuwa na faida. Instagram yenyewe, kwa akaunti za kikazi, hukuruhusu kupanga machapisho hadi siku 75 mbele bila malipo. Kwa TikTok kuna TikTok Studio. Buffer, programu ya kupanga machapisho ya mitandao mbalimbali, ya bure inachukua akaunti tatu, na machapisho kumi yanayosubiri kwenye foleni kwa kila akaunti. Wateja wako watano hawaenei humo, lakini mteja mmoja mwenye Instagram, TikTok na Facebook anaenea vizuri, na ni afadhali Buffer hiyo ifunguliwe kwa barua pepe yake.

Machapisho haya hukaa kwenye seva (kompyuta) za kampuni hizo, si kwenye simu yako. Umeme ukikatika au bando likikwisha, yanatoka tu. Lakini hata pale usipotaka yatoke yatatoka: mwaka 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari, aliyekuwa na foleni ya wiki nzima hakuwa na njia ya kuisimamisha akiwa hapa Uganda. Majira ya uchaguzi, foleni isizidi siku mbili.

Mteja wangu anauza kahawa nje na anataka ukurasa wa Facebook. Nikiingia kwa VPN, akaunti hufungwa na kudai uthibitisho kila mara. Nifanyeje? (Ntinda, Kampala)

Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa mwaka ule. Meta Business Suite, chombo cha kusimamia kurasa cha Meta, kampuni yenye Facebook, nayo iko kwenye anwani ya facebook.com, kwa hiyo imefungwa pamoja nayo, ingawa Instagram na WhatsApp za kampuni hiyohiyo zinafanya kazi.

Akaunti yako inafungwa kwa sababu VPN za bure hubadilisha nchi zinavyotaka. Asubuhi unaonekana Uholanzi, mchana Singapore, jioni Marekani. Mfumo unahitimisha kwamba umeibiwa akaunti, na kwa kweli ndivyo wizi unavyoonekana. Chukua VPN ya kulipia, chagua nchi moja na usiibadilishe. Tenga kivinjari kimoja kwa kazi hii tu, na usifute vidakuzi vyake (kumbukumbu ndogo zinazokutambulisha kwa tovuti), maana kila ukivifuta unakuwa mgeni upya. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba za siri, usitegemee SMS. Facebook pia hutoa namba kumi za akiba. Zichapishe kwenye karatasi, kwa sababu simu ikiibwa na namba zilizomo zimeibwa.

Njia inayopunguza usumbufu zaidi ni kutoingia mara kwa mara. Ukishaunganisha ukurasa na Buffer, hatua ambayo inahitaji VPN mara hiyo, machapisho hutoka seva kwa seva na wewe huhitaji VPN kuyapanga. Muunganisho hukatika nenosiri la Facebook likibadilishwa. Kwa hiyo ukiona machapisho matatu mfululizo yameshindwa kutoka, anza kwa kumuuliza mteja kama amebadilisha nenosiri.

Kwa matangazo ya kulipia, weka saa za akaunti na sarafu kwa uangalifu siku ya kwanza. Kuzibadilisha baadaye kunamaanisha kufungua akaunti mpya ya matangazo. Kadi iwe ya mteja, isiwe yako.

Na Facebook inamfaa huyu kwa sababu wanunuzi wake wako Ujerumani au Italia. Mwenye duka la nguo pale soko la Owino, Kampala, ni habari nyingine. Wateja wake walioko Facebook wanaingia kwa VPN, na mfumo unaweza kuwahesabu kuwa wako nchi ya VPN, hivyo tangazo linaloilenga Kampala linawapita. Yeye fedha yake iende Instagram, TikTok na WhatsApp.

Nimerithi mteja. Amenipa nenosiri la kila kitu, na aliyekuwepo kabla yangu bado anaingia. (Mbarara)

Mpangilio wa hatua ndio muhimu hapa. Anza na barua pepe iliyofungulia akaunti, kwa sababu anayeishika barua pepe anaweza kulirudisha nenosiri la Instagram ndani ya dakika mbili. Badilisha nenosiri la barua pepe, angalia namba ya simu ya kurejesha akaunti kama ni laini ya mteja au ya yule mtu, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Ndipo uende Instagram, TikTok na X, kila mahali hivyohivyo: nenosiri jipya, toa vifaa vyote, washa hatua mbili.

Kwa Facebook acha kabisa kutumia nenosiri la mteja. Mteja afungue akaunti ya biashara ya Meta, aweke humo ukurasa, Instagram na akaunti ya matangazo, kisha akuongeze wewe kwa jina lako na ruhusa ya kazi unazofanya tu: kuchapisha, kujibu ujumbe, kutangaza. Udhibiti kamili ubaki kwa watu wawili wa upande wake. Akiwa mmoja na akapoteza akaunti, ukurasa unakuwa yatima. Siku mkiachana, anakuondoa kwa kubofya mara moja na hakuna ugomvi.

Manenosiri yasiyoepukika yahifadhiwe kwenye Bitwarden, programu ya kutunza manenosiri, ambayo kwa bure inaruhusu kushirikiana na mtu mmoja. Yasikae kwenye Sheets, wala kwenye soga ya WhatsApp.

Picha zangu zikifika Instagram zina ukungu. Na video moja ya mteja imeondolewa sauti. (Mbale)

Picha zimekufa njiani. WhatsApp huzibana, hata ukichagua ubora wa juu. Mwambie mteja azitume kama hati, yaani faili, si kama picha. Hapo zinafika zilivyo. Tengeneza kwenye Canva, programu ya kubuni picha, kwa upana wa pikseli 1080 tangu mwanzo: 1080 kwa 1350 kwa chapisho la kawaida, 1080 kwa 1920 kwa Reels (video fupi za Instagram) na TikTok. Kubadilisha ukubwa wa kazi iliyokwisha ni huduma ya Canva ya kulipia, na kuvuta picha ndogo iwe kubwa ndiko kunakoleta ukungu. Video irekodiwe kwa ubora wa 1080p, si wa 4K ulio mkubwa zaidi. Kwenye iPhone dakika moja ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde ni takriban MB 170, ya 1080p ni kama MB 60, na mtazamaji wa simu haoni tofauti. Bando lenyewe lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ya nini kulichoma?

Sauti imeondolewa kwa ajili ya haki za muziki. Akaunti ya biashara TikTok inaruhusiwa nyimbo za maktaba ya kibiashara peke yake. Wimbo unaovuma, alioutumia kijana kwenye akaunti binafsi, wewe huna ruhusa nao.

Shule moja inataka niwe napiga picha za wanafunzi. Kuna sheria? (Entebbe)

Ipo. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2022 yalikataza kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi, mlezi au mwenye mamlaka juu yake. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Dai shule iwe na fomu iliyosainiwa kwa kila mtoto, ikitaja mitandao yenyewe, na orodha ya wasioruhusiwa iwe mkononi mwako kabla hujafungua kamera. Ficha vibandiko vya majina. Picha za safari zitoke baada ya watoto kurudi.

Mteja anauliza, "Pesa yangu inafanya nini?" Nimpe ripoti gani? Na kwa nini malipo yamepungua? (Arua)

Ukurasa mmoja. Andika waliofikiwa (watu walioona machapisho), kiwango cha mwitikio, na waliokuja kununua. Mwitikio ni jumla ya walioitikia (kupenda, kutoa maoni, kuhifadhi, kushiriki) ugawe kwa waliofikiwa: 120 kwa 4,000 ni asilimia 3. Ulinganishe na mwezi uliopita wa ukurasa huohuo, usiulinganishe na wa jirani.

Waliokuja kununua ndio watakaomfanya mteja akulipe tena mwezi ujao, na kuwahesabu si kazi ngumu. Tengeneza linki ya WhatsApp kwa kila mtandao: wa.me/256 ikifuatwa na namba bila sifuri ya mwanzo, kisha ?text=Nimetoka%20Instagram. Ya TikTok iseme TikTok. Mnunuzi akibofya, ujumbe unakuwa umeshaandikwa. Kwenye WhatsApp Business wawekee lebo kulingana na walikotoka, na mwisho wa mwezi hesabu lebo. Wapo watakaofuta maneno hayo kabla ya kutuma, kwa hiyo idadi yako itakuwa pungufu kidogo. Mweleze mteja hivyo.

Malipo kupungua: ikiwa mteja ni wakala wa kukata kodi aliyeteuliwa na Mamlaka ya Mapato (URA) na ankara yako imezidi shilingi 1,000,000, hukata asilimia 6 na kuipeleka URA. Kwa ankara ya 1,500,000 unapokea 1,410,000. Hizo 90,000 hazijapotea, ni kodi yako iliyolipwa mapema. Weka namba yako ya mlipakodi (TIN) kwenye kila ankara, omba cheti cha makato hayo, na uyadai kwenye ritani ya mwaka (taarifa ya kodi). Asiyeomba cheti hulipa kodi hiyo mara mbili.