Kiamunyi kumetulia, lakini maji ni shauri yako

SWALI: Habari yako Mama. Naishi hapa Nakuru, Section 58, kwa flati, tuko na watoto wawili, sasa bwanangu amepata bangalo ya kukodisha kule Kiamunyi, iko na kompaundi yake na geti yake na rent ni karibu tu hii tunalipa hapa. Yeye ashaamua, mimi ndio roho inasita. Natoka kazini tao saa moja jioni na hapa nikishuka gari hivi niko kwa mlango. Marafiki wanasema huko ni kuzuri lakini ni upweke. Kwa ukweli maisha ya mitaa kama hiyo yakoje? – Mama wa wawili

JIBU: Salama mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kuwa na bwana mwenye anatafuta nyumba akiwa na nyumba, wengi hungoja landilodi apandishe rent ndio waamke. Nimekaa upande huo miaka mingi kwa hivyo nitakwambia venye kuko, sio venye mabroka wanasema, na tangu Nakuru ipewe cheti cha jiji Desemba 2021 nahisi mabroka ni wengi kuliko nyumba zenyewe.

Kumetulia, hiyo siwezi kukudanganya. Watoto wanacheza nje bila wewe kuchungulia magari, nguo unaanika na hakuna mtu wa floo ya juu anazimwagia maji ya kudeki, na ukitaka kupanda sukuma na dania nyuma ya nyumba, ploti ya 50 kwa 100 inakutosha na inabaki. Mwezi wa saba kuna baridi, nunua masweta.

Kitu chenye watu hawaambiwi ni kwamba flati iko na karetaka, na zile kazi zote karetaka hufanya wewe ukiwa umelala, huku zinakuwa zako. Taka ni wewe. Septiki tanki ya choo ikijaa ni wewe unapigia gari la kunyonya simu, na itajaa Jumapili wageni wakiwa kwa meza. Balbu ya geti ni wewe. Na maji, haya maji ndio nataka tukae chini tuongee.

Ukienda kuona nyumba usiulize kama kuna maji, juu sijawahi ona landilodi akisema hakuna. Uliza yanatoka wapi. Ni ya mfereji, na kama ni ya mfereji yanakuja siku gani? Ni ya boza, lile lori la maji, na boza inalipwa na nani? Ama ni wale wa mikokoteni ya punda? Na tenki ni lita ngapi, juu tenki ya lita 1,000 na watoto wawili na nguo za shule ni mzaha. Sasa wakikuambia ni ya kisima, yale yanapigwa na pampu kutoka chini kabisa, usiwape watoto wanywe kabla hayajapimwa madini ya floraidi. Hii Bonde la Ufa yetu mawe yake ni ya volkeno, floraidi inatoka kwa mawe inaingia kwa maji ya chini, ndio unaona watu wengi wamelelewa Nakuru wako na meno ya kahawia na si ati hawapigi mswaki. Shirika la Afya Duniani linakubali mwisho miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vingi huku vinapita hapo. Mtoto mwenye hajafika miaka nane ndio anaharibika zaidi, meno yake ya ukubwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi. Na kuchemsha hakusaidii, hata ni mbaya zaidi, maji yanapungua floraidi inabaki pale pale kwa sufuria. Ya kunywa na kupika tumia ya mvua, weka gata na tenki safi, ama tafuta filta ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, usicheke, inafanya kazi, Dayosisi ya Katoliki hapa Nakuru wameishughulikia miaka mingi.

Hiyo saa moja jioni yako sasa. Matatu ya kutoka tao si shida, shida ni kutoka stegi kuingia ndani. Udongo wetu ni majivu ya volkeno, kiangazi vumbi linaingia mpaka kwa friji, mvua ikija inakula barabara inabaki mtaro na boda anakuambia "mama hapa ndio mwisho". Kwa hivyo nendeni muone nyumba siku ya kazi saa moja na nusu usiku, sio Jumamosi mchana na broka, mshuke stegi mtembee mpaka kwa geti mkihesabu taa. Kama lazima boda kila siku, jumlisha hiyo pesa kwa rent ndio ujue rent ni ngapi.

Upweke uko kama ukiutaka. Kwa flati urafiki unakupata kwa ngazi, huku unaweza kaa mwaka mzima unamjua jirani kwa rangi ya gari. Wiki ya kwanza piga hodi, uliza askari wa usiku analipwaje, uingizwe kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, na ujuane na mama mboga wa kona mapema. Wangu nikichelewa ananikatia sukuma, anafunga kwa karatasi, anaining'iniza ndani ya geti penye mbwa hafiki, mimi natuma M-Pesa nikivua viatu.

Mimi ningehama, lakini singelipa depo kabla kuona tenki. Na umwambie bwana kwa upole, mwenye ametaka kompaundi ndio karetaka.

SWALI: Mama, jirani yangu hapa Lanet amegeuza nyumba kuwa kanisa, spika mpaka usiku wa manane. Nifanye nini? – Sijalala

JIBU: Pole sana. Kanuni za kelele za 2009 ziko wazi, mtaa wa makazi nje ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Anza na yeye mwenyewe, mchana, bila hasira, umwombe spika ziangalie ndani kwake na zizimwe mapema. Akikataa enda kwa chifu, halafu ofisi ya kaunti ya NEMA, wale wa serikali wa mazingira, na ubebe tarehe na masaa yameandikwa, sio hasira peke yake. Mkienda majirani watatu ni vizuri zaidi, ukienda peke yako watasema unapigana na Mungu.