Barua kwa mwanangu aliye Rochester

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo sote.

Umeniandikia kwamba ulitembea kando ya Mfereji wa Erie, ukaambiwa kuwa walowezi wa mwanzo wa hapo magharibi mwa jimbo la New York walikuwa na ardhi nzuri na ngano tele, na bado waliishi kwa dhiki hadi mfereji ulipokuja. Ukaniuliza: mwenye ghala lililojaa anakuwaje maskini? Miaka yote niliyofundisha historia nilitamani mwanafunzi aniulize hivyo.

Babu yako angekujibu vizuri kuliko mimi. Aliwahi kuyaona mahindi yake yakibunguliwa ghalani kule Laela, mvua zimekata barabara na malori hayafiki.

Kwa walowezi wale hali hiyo ilikuwa ya kila mwaka. Kusafirisha tani moja kwa mikokoteni kutoka Buffalo, kwenye ziwa Erie, hadi jiji la New York kuligharimu karibu dola 100, kuzidi bei ya ngano yenyewe sokoni. Kwa hiyo familia ilitafuta kitu chepesi chenye thamani. Ngano na nafaka nyingine ziligeuzwa wiski. Na miti waliyokata kufungua shamba waliichoma, wakayachuja majivu kwa maji, wakayachemsha maji yale kwenye masufuria makubwa ya chuma hadi ikabaki potasi, inayotengenezea sabuni na kioo. Hebu fikiria, msitu mzima wa miti mikubwa unaishia kwenye mapipa machache, na kwa familia nyingi hayo ndiyo fedha kubwa ya mwaka! Nguo hawakununua. Mama na mabinti walisokota sufu na kitani, wakafuma usiku.

Msitu huo, mwanangu, ulikuwa wa Waseneca, wenyeji wa asili wa hapo. Kwa mkataba wa Big Tree wa mwaka 1797 waliachiwa vipande tu vya nchi yao iliyo magharibi mwa Genesee, mto unaopita mjini kwako. Anayekusimulia habari za walowezi bila kulitaja hilo, mkumbushe.

Mfereji, kutoka Buffalo hadi mto Hudson unaoshuka jiji la New York, ulianza kuchimbwa mwaka 1817, ukakamilika 1825: kilomita 584, upana mita 12, kina mita 1.2 tu. Gavana DeWitt Clinton aliupigania huku wengi wakimcheka. Kwenye mabwawa ya Montezuma vibarua waliugua homa kwa mamia. Mashua hazikuwa na injini. Farasi au nyumbu alitembea ukingoni akizivuta kwa kamba, na penye mwinuko ziliingia katika vyumba vya maji vyenye malango, maji yakajazwa, zikapanda. Mnyama yule yule aliyehangaika na mkokoteni mmoja matopeni sasa alivuta tani nyingi. Gharama ya ile tani ikashuka hadi karibu dola 10.

Hapo ngano ikawa fedha. Vinu vya maporomoko ya Genesee vilisaga mchana na usiku, na mji wako ukaitwa mji wa unga. Vitambaa vya viwandani vikaja kwa bei nafuu, na magurudumu ya kusokotea yakapandishwa darini. Mimi huwafikiria sana wale mabinti: walipumzishwa mikono, lakini kazi iliyowapa sauti nyumbani ikaondoka, na sasa familia ilihitaji fedha taslimu kwa kila kitu.

Kisha maji yale yale yakawaletea washindani. Ngano ya Ohio na ya mbali zaidi, iliyolimwa kwenye ardhi mpya na ya bei ndogo, ikapita mbele ya mashamba yao kwenda New York. Vijana wengi wa hapo wakaona afadhali waifuate. Wakapanda mashua zilizokuwa zikielekea magharibi, wakavuka ziwa Erie hadi Michigan kuanza upya na shoka, kama wazazi wao.

Nipigie picha ya yale matao ya mawe ya Broad Street, yaliyoubeba mfereji juu ya mto Genesee. Nataka kuyaona.

Mama yako