Re: Urafiki wa Tanzania na China ulianzia wapi, TAZARA?

Hapana mkuu, reli ya TAZARA (ya Tanzania na Zambia) ilikuta urafiki upo. Tanganyika na China zilianza uhusiano wa kibalozi Desemba 1961, na Nyerere akaenda Beijing Februari 1965. Nchi za Magharibi zilikuwa zimeikataa reli kwa madai kwamba hailipi. China ikatoa mkopo usio na riba, makubaliano yakasainiwa 1967. Kilomita 1,860 hizo, Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia! Kuna Wachina waliofia kazini wakazikwa hukuhuku. Makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Watu husahau upande wetu: 1971 Tanzania iliipigania China irudishiwe kiti Umoja wa Mataifa, na balozi wetu huko, Salim Ahmed Salim, akacheza ukumbini kura zilipotoka. Wamarekani hawakufurahi. 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja huo, wakampiga veto (kura ya turufu ya kumzuia).