Je, kudai fidia ya mume aliyeuawa ajalini ni kuuza damu yake?

SWALI: Assalamu alaikum Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Bondeni hapa Nakuru. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alifariki miezi 14 iliyopita, matatu aliyokuwa amepanda ilipotaka kulipita lori karibu na Salgaa. Ameniachia watoto watatu, mdogo ana miaka miwili. Shemeji yangu mkubwa alipokea shilingi 80,000 kutoka kwa mwenye gari, na sasa ameniletea karatasi niweke kidole kwamba mambo yameisha. Nikitaja korti ananiambia ni kuuza damu ya marehemu, ni kuipinga kadari, na kwamba pesa za bima ni haramu. Nguo alizokufa nazo bado ziko ndani ya gunia chini ya kitanda, sijaweza kuzigusa. Sitaki kuwalisha wanangu haramu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaikumu salaam warahmatullah. Allah amrehemu mumeo na akutie nguvu. Usiweke kidole, mama. Natanguliza hilo kabla ya dalili yoyote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kikao kama hicho mtaa wa Rhonda. Mjane alikuwa bado yumo edani, siku za kungojea baada ya kifo cha mume. Mzee mmoja alimshika mkono, akamkandamiza kidole gumba kwenye sponji la wino wa buluu, kisha kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mama yule hakuuliza imeandikwa nini, nami niliyejua kusoma sikumsomea. Tukaomba dua, tukanywa chai, tukaondoka. Swali lako limenirudisha pale, na sikulala vizuri tangu lifike.

Tuanze na kadari. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, Allah anasema kwamba anayemuua Muumini kwa kukosea atoe kafara na awape ahali wa marehemu diya, yaani fidia ya damu, ila wakiiacha wenyewe kuwa sadaka. Itazame vizuri aya hii. Inazungumzia kifo ambacho hakuna aliyekikusudia, kile hasa ambacho watu husema "ilikuwa siku yake". Ndicho hicho Allah alichokiwekea malipo. Basi shemeji yako anamtetea Allah dhidi ya hukumu ya Allah? Na kama fidia ni kuuza damu, Mtume ﷺ aliyeikadiria diya kuwa ngamia 100 alikuwa akiwafundisha Waislamu biashara gani? Na hizo elfu 80 alizopokea yeye ziitwe nini? Haiwezekani pesa iwe halali ikipita mkononi mwa shemeji, igeuke haramu ikimfikia mjane.

Kisa kimoja kinakuhusu wewe moja kwa moja. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa akiona kwamba mke harithi chochote katika diya ya mumewe, ni ya jamaa wa kiumeni tu. Dhahhak bin Sufyan, mmoja wa masahaba, akamweleza kuwa Mtume ﷺ alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe, naye Ashyam aliuawa kwa kukosea. Umar akaiacha rai yake papo hapo. Umar alirudi nyuma. Shemeji yako ni nani asirudi?

Kuhusu bima, ni kweli wanachuoni wengi wameikataza bima ya kibiashara, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua hivyo. Sina ugomvi nao. Lakini wewe hukufunga mkataba na mtu yeyote. Unamdai dereva na mwenye gari, na sheria ya Kenya, Sura ya 405, ndiyo iliyomlazimisha mwenye gari awe na bima ya kuwalipa anaowadhuru. Mtu akikubomolea ukuta, akakulipa kwa pesa alizokopa benki kwa riba, mzigo wa riba ni wake na ukuta ni wako.

Sasa hesabu. Kwa kawaida korti huangalia marehemu alikuwa akipata nini, angefanya kazi miaka mingapi zaidi, na aliitumia familia kiasi gani. Kwa mtu mwenye mke na watoto mara nyingi huwa theluthi mbili. Tuseme mumeo alikuwa akipata 20,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ya mwaka mmoja ni 160,000. Elfu 80 ni matunzo ya miezi sita.

Sheria ya ajali za vifo, Sura ya 32, inawataja mke au mume, wazazi na watoto. Kaka wa marehemu hayumo. Sehemu ambayo korti itampangia kila mtoto ni ya mtoto huyo. Ile inayoingia katika mali ya marehemu chini ya sheria nyingine ya Kenya, Sura ya 26, ni mirathi: madeni kwanza, kisha wewe una thumuni, sehemu moja kati ya nane. Kadhi anaweza kuigawa, ila kesi ya matatu haimhusu. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu tangu kifo, kwa hiyo umebakiwa na miezi 22. Tafuta cheti cha kifo, abstrakti ya polisi, ile taarifa yao ya ajali, na barua ya chifu, wakili akuombee kortini idhini ya kusimamia kesi kwa niaba ya marehemu. Malipo ya wakili yaandikwe mapema.

Mabroka wanaozunguka mochari waepuke. Na usiseme uongo hata kidogo: kama mumeo alileta 20,000, isiandikwe 60,000. Hapo ndipo haramu ingeingia.

Suluhu inaruhusiwa, na ukitaka kusamehe fungu lako ni hiari yako. La watoto huwezi kulisamehe wewe, wala ami yao. Mtu amsomee shemeji yako aya ya 10 ya Surat An-Nisaa, juu ya wanaokula mali ya mayatima.

Usikate udugu naye. Huenda hajui. Elfu 80 zihesabiwe kama sehemu iliyokwisha lipwa. Nguo zile zifue, mama. Kubaki na shati lake moja si dhambi. Na Ijumaa baada ya swala mje nyote wawili msikitini, aje na ile karatasi. Safari hii nitaisoma mimi, kwa sauti, mbele yako.