Gundi haiwezi kulifanya pazia kuwa la pande mbili

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi nipo Wete, nadarizi pazia la mlango kwa harusi ya dada yangu. Kitambaa ni bafta nyeupe, uzi mwekundu, na mchoro ni vishada vya karafuu, kila kishada peke yake. Nataka lipendeze ndani na nje, kwa hiyo nimejifunza ule mshono wa bandi ya kwenda na kurudi: unakwenda sindano juu na chini ukiacha mapengo, kisha unarudi kuyajaza. Mbele limetoka vizuri. Nyuma kuna mafundo, na uzi unakatiza kutoka kishada kimoja hadi chengine. Jirani yangu aliyesoma darasa la siku mbili ananiambia niyakate mafundo, nitie tone la gundi, nipige pasi, kisha nitie bitana. Nimfuate? Au ni mkono wangu tu mzito?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na hongereni kwa harusi. Gundi usitie, na bitana iache dukani.

Mkono wako hauna kosa lolote. Habari hii ya mkono mzito na mkono mwepesi ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana kila anayeniletea kazi iliyomshinda huanza nayo. Watu wameaminishwa kwamba aliyejaaliwa mkono mwepesi nyuma yake hutoka safi yenyewe, na asiyejaaliwa hana budi kuficha. Si kweli hata kidogo. Upande wa nyuma huamuliwa na njia ambayo uzi unapita, na njia hiyo hupangwa kwa kalamu ya risasi kabla sindano haijagusa kitambaa.

Bandi ya kwenda unaijua, na ya kurudi kujaza mapengo unaijua. Ambalo hukuambiwa ni kwamba kila mstari wa mchoro lazima upitiwe mara mbili kamili, mara moja uzi ukiwa mbele na mara moja ukiwa nyuma, na uzi usipite popote pasipo na mstari. Ukipita pasipo na mstari hata upana wa kidole, nyuma imeshaharibika. Sasa vishada vyako umevitenganisha. Uzi utatokaje kimoja kwenda chengine bila kukatiza? Fundi wa miaka 40 angekwama pale pale ulipokwama wewe.

Basi ama kila kishada ukipe uzi wake, uanze na umalize hapo hapo, ama uchore shina linaloviunganisha vyote. Mimi ningechora shina, kwani karafuu ndivyo zinavyokaa mtini. Anzia chini ya shina, panda kwa bandi mpaka tawi la kwanza. Liingie, fika kwenye kichwa cha karafuu na meno yake manne, kimalize kichwa chote, halafu rudi kwa tawi lile lile ukijaza mapengo mpaka ufike tena shinani. Ndipo uendelee kupanda. Kwa kuwa kila tawi unaliingia na kulitoka, mishono yake inakuwa shufwa, yaani inagawika kwa mbili, na uzi unarudi shinani ukiwa upande ule ule ulioliachia. Ukifika juu kabisa, kushuka ni kujaza shina tu hadi ulipoanzia.

Mahali pa kuwa macho ni penye duara. Ukikichora kichwa cha karafuu kuwa mviringo wa mishono minane, ukamaliza mzunguko na kuendelea mbele kwa mzunguko wa pili, sindano itakupitisha juu ya mishono uliyokwisha kushona, na mapengo yatabaki kuwa mapengo. Duara la shufwa ukilimaliza geuka, urudi ulikotoka. La witiri, saba au tisa, unaweza kulizunguka tena bila kugeuka. Nimeona watu wakifumua duara moja mara tatu, wakijilaumu kwamba hawana kipaji, na kumbe ni hesabu ya shufwa na witiri ambayo mtoto wa skuli anaijua.

Jambo la mkono lipo moja. Katika kurudi, sindano itokee juu kidogo ya uzi wa kwanza na iingie chini yake kidogo, na iwe hivyo kila mara. Ukibadilisha badilisha, mstari utapinda kama njia ya siafu. Kwa bafta, ambayo imefumwa karibu karibu, kwenda tumia sindano kali. Kurudi tumia butu, kwa kuwa matundu yapo tayari na ncha kali itaupasua uzi wa kwanza. Uzi ule wa nyuzi sita chukua mbili tu, na kipande kisizidi sentimita 50, la sivyo utachakaa kabla hujafika juu ya shina.

Kwa kujifunzia ningekupa marekani badala ya bafta. Nyuzi zake nene zinahesabika kwa macho, mtande wa urefu na mshindio wa upana. Ni kitambaa kilicholetwa Unguja na merikebu za Wamarekani, ambao walitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na jina hilo halijakitoka mpaka leo.

Mshono wenyewe Wazungu wameupa jina la mchoraji Hans Holbein, Mjerumani aliyefia London mwaka 1543. Hakuubuni yeye. Aliwachora watu wa kasri ya mfalme Henry wa Nane, na katika picha zake kola na ncha za mikono ya nguo zinaonekana zimedariziwa hivyo. Ncha ya mkono hupinduka, na aliyekaa mbele yako huona ndani na nje, kama pazia lako litakavyopeperushwa na upepo. Na huko Chamba, kaskazini ya India, wanawake walidarizi kwa hariri vitambaa vya mraba vya kufunikia zawadi, kwa mshono wa kujaza unaoitwa dorukha, yaani wenye nyuso mbili. Kitambaa kinachofunika sinia la zawadi huinuliwa na kupinduliwa mbele ya wageni. Kila aliyewahi kupeleka sinia nyumba ya bibi harusi anajua.

Sisi wengi tumeanzia kwenye kofia ya viua. Kofia upande wake wa ndani unalalia kichwa na hakuna anayeutazama, hivyo mtu akizoea kuziacha ncha ndani, huihamishia tabia hiyo kwenye pazia. Kwa mtu wa kofia nalielewa. Kwa mwalimu anayepokea ada sielewi.

Maana gundi inafanya nini? Ikikauka inageuka punje ngumu, inanasa vumbi, na bafta nyeupe inabaki na doa pale pale ulipotaka pasafi. Wengine wanachoma ncha kwa kiberiti. Hiyo ni hila ya uzi wa plastiki, ambao huyeyuka na kujifunga. Uzi wa pamba hauyeyuki, unaungua ukawa majivu, na ncha inafupika mpaka inachomoka. Pasi inalilaza fundo, ukifua linainuka. Bitana ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana ni heshima. Asubuhi jua likipiga mlangoni, kila uzi unaokatiza utaonekana kama kivuli kupitia bafta, bitana ikiwepo au isiwepo, na dada yako atakuwa na pazia zito la upande mmoja.

Kazi yako inaokoleka. Kata uzi unaokatiza katikati, fumua kila upande mpaka upate mkia wa kutungika sindanoni. Upitishe mkia huo katika matundu yale yale ya mishono iliyobaki, mishono minne hivi, ukifuata mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, kisha ukate. Penye fundo fanya vivyo hivyo. Palipofumuliwa shona upya kwa uzi mpya, usiofungwa fundo: uache mkia wa sentimita 10 ukining'inia, uje uufiche kwa namna hiyo ukimaliza. Uzi mpya uanzie penye njia panda ya mistari, ambapo unene hautambulikani. Na kabla ya yote, lowesha kipande cha huo uzi mwekundu, ukiminye kwenye kitambaa cheupe chakavu. Ukiacha rangi, ufue peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Nawaambia na wanaonunua, kwa sababu mashuka na mapazia ya "pande mbili" yanauzwa ghali na mengi si ya pande mbili. Kabla hujatoa pesa, lishike pazia kwenye mwanga wa mlango na utafute vivuli vya uzi kati ya ua na ua. Pitisha kidole pale mstari unapoanzia, usikie kama pana punje. Likiwa na bitana, uliza nyuma yake pana nini, na muuzaji afungue pindo akuonyeshe. Darasa linalokuahidi siku mbili, waombe kwanza wakuonyeshe nyuma ya kazi zao wenyewe.

Jirani yako usigombane naye, yeye pia ametoa pesa yake. Mwambie achukue kipande cha marekani, achore shina moja na matawi mawili, na mkae pamoja mlishone bila fundo hata moja.