Fasti yia unayetaka siasa za mrengo wa kushoto chuoni, pita hapa kwanza

Wadogo zangu mnaoripoti chuo mwaka huu karibuni sana. Najua kuna wachache wenu mmekuja mmeshasoma Azimio la Arusha, klipu za Sankara, yule rais mwanamapinduzi wa Burkina Faso, mmezimaliza, na kichwani kuna mpango kwamba nikifika tu naanzisha kitu. Na mimi nilikuja hivyohivyo. Nimemaliza miaka kadhaa sasa, chuo sikitaji, ila makosa yetu nitayataja maana yalikuwa ya kwetu wenyewe.

Mwaka wa kwanza mimi na wenzangu watatu tulibandika matangazo chuo kizima, tulikoroga gundi ya unga wa ngano usiku kwenye ndoo ya kuogea, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa MJADALA: UBEBERU MAMBOLEO NA HATMA YA TABAKA LA WAVUJAJASHO. Tukaomba ukumbi wa watu 200. Wakaja 6, na hao 6 ni pamoja na sisi 4, halafu kati ya wawili waliobaki mmoja aliulizia kama kuna soda.

Hiyo hainiumi sana. Inayoniuma ni kesho yake asubuhi, namkuta mama mmoja wa usafi anabandua lile tangazo ukutani kwa kisu na maji ya moto, ngano ikikauka hiyo haitoki aisee, nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba, akaniuliza mwanangu hivi hizi karatasi ni za nani maana nazitoa toka saa kumi na moja. Nikasema sijui. Nikajikuta namsaidia kubandua, na katika kupiga stori ndio akaniambia mkandarasi wao ana miezi miwili hajawalipa. Yaani tumeandika wavujajasho kwa herufi za futi moja na mvujajasho mwenyewe ndio anatufutia uchafu wetu bila mshahara na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua jina lake! Kwahiyo kabla hujaitisha mjadala wowote zunguka kwanza, ongea na watu wa usafi, walinzi, mama ntilie wa getini. Hao wanakijua chuo kuliko wewe na watakuwepo ukishaondoka.

Kitu kilichotupa watu kilikuwa tumbo. Bumu lilichelewa (kwa mgeni, bumu ni ile hela ya kujikimu ya mkopo) na kila mlango ukigonga una sababu yake. Safari hii hatukubandika kitu, tulikaa tu vimbweta (yale mabenchi ya nje ya kusomea) jioni na kaunta buku, tunauliza swali moja, jana umekula nini? Basi. Jamaa mmoja wa uhandisi, mcheshi kweli darasani, akasema alikula mihogo ya 500 saa saba mchana jana na toka hapo ni maji. Mwingine anapika uji chumbani kwa hita ya kuchemshia maji, kinyume na sheria za hosteli. Ndani ya wiki tulikuwa na majina 130 na hakuna aliyetajiwa neno ubeberu hata mara moja. Mtu akishasema mwenyewe jana alikula nini, na akasikia wa pembeni yake naye hajala, swali la kwa nini linakuja lenyewe, na hapo ndio unaweza kuanza kuongea kuhusu mikopo, bajeti, nani analipa na nani anafaidi.

Sasa lile daftari. Nililisahau kimbweta. Kesho yake simu zikaanza, watu wanaitwa ofisini mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule wa majina nilivyoyaandika. Hakuna aliyefukuzwa ila wengi walitetemeka, wengine ni watoto wa kwanza kufika chuo ukoo mzima, na mimi ndio nimewaanika. Mpaka leo kuna dada mmoja hapokei simu yangu. Majina ya watu usiyaandike sehemu moja, picha ya daftari usiitume kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 250 usiowajua nusu yao, namba kila mtu akae na za watu wake watano, inatosha.

Halafu bumu likaingia. Kikao cha jioni hiyo tulikuwa 9. Nilikasirika nikaandika meseji ndefu ya kuwaita wenzangu wasaliti, meseji ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuandika. Mtu alikuwa na njaa, njaa imeisha, ameenda kula, usaliti uko wapi hapo? Wale 9 ndio tukaanza kusoma Jumapili saa kumi, kurasa kumi kumi, anayesoma anatafsiri kwa Kiswahili palepale, na ukishindwa kutafsiri ujue hujaelewa.

Hilo wazo la Jumapili hatukulibuni sisi. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967 wanafunzi walianzisha USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwenyekiti wa kwanza alikuwa Museveni, ndiyo, huyohuyo wa Uganda, kila mtu hapo achukue somo lake. Walikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili, Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, akiwa mwalimu pale pale chuoni na makao ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, yako mjini Dar, na kuanzia 1969 wakatoa jarida lao, Cheche. Mwezi Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku vyote viwili, chama na jarida. Na ilikuwa serikali ya ujamaa, siyo ya mabepari! Hoja yao ilikuwa kwamba tawi la vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, linatosha. Wale waliobaki hawakununa, wakaingia kwenye hilohilo tawi na mwaka 1971 wakatoa jarida jingine, MajiMaji. Usione aibu kufanya kazi ndani ya klabu ya mdahalo au ya mazingira kama ndiyo iliyosajiliwa.

Na siyo kila mgomo ni wa kushoto, hili linawachanganya sana wageni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa baada ya masomo kwa sababu sehemu kubwa ya mshahara wao wa kipindi hicho ingekatwa, Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400 na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wakaandamana tena, mara hii kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, na wakafukuzwa tena. Yote mawili ni maandamano, yote mawili yana mabango, adhabu inafanana, lakini wa kwanza walikuwa wanalinda mfuko wao dhidi ya mkulima na wa pili walikuwa wanasemea huyo mkulima. Mkiitisha kitu jiulizeni mko upande gani hapo.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi nitaugusa tu. Tuligombea mara moja tukaanguka vibaya, tulihesabu makofi ya kwenye kampeni tukadhani ni kura, ilani kurasa nane, nani anasoma kurasa nane karibu na testi wan? Walioshinda walipita chumba kwa chumba, wanakaa kwenye deka (kile kitanda cha ghorofa) wanaongea na wanne wenye chumba pamoja na wale wanaobebwa, yaani wanaolala kwa wenzao, ambao hawamo kwenye orodha yoyote ya hosteli ila kura wanazo. Sisi hao wanaobebwa hatukuwafikia kabisa, na ndio wenye shida kuliko wote.

Aa, na usidisko, yaani usifukuzwe chuo kwa kufeli. Nina rafiki, mzungumzaji hatari, alikuwa anaacha vipindi kwa ajili ya vikao, sapu (mitihani ya kurudia) tatu, kisha disko, na wapinzani wetu walimtumia kama mfano miaka miwili mizima. Siku ya testi hakuna kikao, tuliweka iwe sheria.

Wale mama wa usafi walilipwa baadaye, baada ya sisi 9 na wao kwenda pamoja kuonana na msimamizi, wao ndio waliongea, sisi tulibeba tu daftari. Jipya. Mara hii nililala nalo chini ya mto.